Mpaka Apate Kwao

Jumatatu, 10 Machi 2025. Moshono

Ameletwa jioni hii, mvua imeshashika, ndani ya boksi la mafuta ya kula. Mwalimu mmoja aliwakuta watoto wanne wa mbwa kwenye mtaro nyuma ya soko la Kilombero. Wawili walikuwa wameshakufa. Dume alichukuliwa palepale na mwenye kibanda cha matunda. Huyu jike hakuna aliyemnyooshea mkono. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Dume ni mlinzi, jike ni mzigo, kwa kuwa mtu akimwona jike anawaza watoto atakaozaa na wapi atawapeleka.

Dada wa kituo cha kuokoa wanyama alinipigia mchana. Kwao kumejaa, tena kuna ugonjwa wa pavo, na mtoto ambaye hajachanjwa ukimwingiza penye pavo umemmaliza. Ombi ni lilelile la wale waliotangulia: nimlee, apone, achanjwe, apate mwenyewe. Nimekubali kabla hajamaliza kueleza.

Daktari alishampitia njiani. Meno ya maziwa yamekaribia kutimia, kwa hiyo anamkisia wiki sita. Hata kama mama yake angekuwepo, alipaswa kukaa naye wiki mbili zaidi. Fizi nyeupe, mbavu zinahesabika, tumbo limevimba: minyoo. Hii ya duara humwingia mtoto akiwa bado tumboni, na nyingine anaipata kwenye maziwa ya kunyonya, ndiyo maana dawa hurudiwa kila wiki mbili mpaka afikishe wiki 12. Ngozi nayo si nzuri. Masikio na viwiko havina nywele.

Nimemweka stoo juu ya gunia, na chupa ya maji ya moto niliyoivisha soksi. Analia. Nitahamishia kazi yangu huko, kuna vifungo vya sare za shule vya kushona kwa mkono, na taa ya stoo inatosha.

Jumatano, 12 Machi

Minyoo imetoka, mingi kuliko nilivyotegemea kwa tumbo dogo vile. Nimeifukia mbali na sinki la nje, maana mayai yake yakimwingia mtoto wa mtu hayachagui. Mwanangu ameambiwa: mikono kwa sabuni kila akimshika.

Chakula: ugali laini wa dona, dagaa waliokaangwa bila chumvi na kusagwa, kijiko cha supu ya utumbo. Yai kila baada ya siku moja. Maziwa ya ng'ombe hapana, yatamharisha. Mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Leo saa kumi alimaliza bakuli, akaingia ndani ya bakuli, akalala humo humo.

Mwanangu ameshampa jina. Karanga, kwa rangi yake. Huwa sipendi kuwapa majina mapema, lakini mtoto wa miaka 12 huwezi kumzuia.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi wa gereji ya pale kona aliniona nimembeba, akasema: "Mama, huo ukurutu mpake oili chafu, wiki moja tu umekwisha." Alisema kwa moyo mzuri, na si yeye peke yake. Hapa Arusha nimeisikia kwa watu wa kila aina, hata kwa mwenye mbwa wa bei kubwa. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya vyuma na kemikali. Mbwa anajilamba, inaingia tumboni, inaingia ini. Nimeshawahi kuletewa mbwa aliyepakwa. Ngozi ilikuwa imebabuka kwenye mapaja na chini ya tumbo, na alikuwa anatapika. Huyo hakupona. Nikamweleza fundi yote hayo nikiwa nimesimama pale mvuani. Alinisikiliza, akaniuliza jina la dawa ya dukani, akaandika kwenye simu yake. Kwa hiyo haikuwa kazi bure.

Daktari alimkwangua ngozi kwa wembe, akaangalia kwa darubini: utitiri wa upele, aina ile inayoweza kumrukia mtu ikamwasha siku kadhaa. Dawa ni matone ya kupaka nyuma ya shingo, pale asipofikia kwa ulimi. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, ambayo jirani mwingine alinishauri, kwa mtoto wa umri huu ni hatari. Nimechemsha matambara yote, gunia nimelichoma.

Jumatano, 19 Machi

Leo Bi Z., jirani yangu, alikuja kuchukua baibui lake nililomkunjia pindo. Amefunga, na bado ametembea kutoka kwake kwenye tope lote hili. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu, na hicho kilio usiku ni cha nini?" Nikamwambia.

Tulikuwa tunazungumza barazani Karanga akaponyoka stoo, akaenda moja kwa moja kumlamba mguu. Niliona aibu, nikaanza kuomba radhi. Bi Z. hakuruka wala hakupiga kelele. Akasema: "Niletee maji, mwanangu, na udongo safi gao moja." Akajiosha mara saba, mara moja kwa udongo, taratibu kabisa, huku akinieleza kwamba yeye ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito, ndiyo maana kuosha kwake kuna utaratibu wake. Kisha akanisimulia habari ya yule mtu wa hadithi aliyemkuta mbwa ana kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe. "Huruma ni amri na tohara ni amri. Mimi sichagui moja," akasema.

Alipoondoka nilikuta ameacha ukutani, upande wake wa uzio, kopo la plastiki lenye maji. Nilidhani amelisahau. Baadaye mjukuu wake akaja kuniambia: ni la yule mdogo, siku nikianza kumtoa nje, na lisirudishwe.

Kuna watu watakaosoma kwenye dini kwamba mbwa apigwe mawe. Natamani wangekaa nusu saa na huyu bibi.

Jumatatu, 24 Machi

Chanjo ya kwanza: pavo, homa ya mbwa na nyinginezo kwenye sindano moja. Kilo zimeongezeka. Fizi zimeanza kuwa za waridi.

Sasa ndiyo inakuja kazi ninayoiona ngumu kuliko upele na minyoo. Ardhi ya nje haruhusiwi kuikanyaga mpaka chanjo zikamilike, maana virusi vya pavo hukaa kwenye udongo mwaka na zaidi, sabuni haiviui. Jiki ndiyo inaviua, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, na ndiyo ninayosuuzia ndala za kila anayeingia. Lakini huu huu ndio umri ambao mbwa anajifunza dunia ni nini. Kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya 14, anachokutana nacho kwa amani atakizoea; asichokutana nacho, akiwa mkubwa atakiogopa, na mbwa anayeogopa ndiye anayeng'ata. Ukimfungia stoo umemkinga na pavo ukamharibu kwa njia nyingine.

Kwa hiyo anabebwa. Nimemshonea mfuko wa kanga mbili, navaa kifuani, naenda naye. Leo tumekwenda mpaka mashine ya kusaga. Alitetemeka mashine ilipowashwa, nikasimama mbali, nikampa kipande cha dagaa, nikasogea hatua, nikampa kingine. Mpaka nikawa naongea na mwenye mashine na Karanga amelala. Pikipiki zinazopita, kengele ya shule, mwenye kofia ya ajabu, mzee wa fimbo, wanafunzi wanaopiga kelele, yote ayaone akiwa juu, salama, tumbo limeshiba.

Alhamisi, 3 Aprili

Iddi imepita. Bi Z. alituletea biriani. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, na Karanga amejifunza kukojoa kwenye gazeti karibu na mlango.

Mwanangu amekasirika kwa sababu nimewaomba watu wengine wamlishe: dada wa saluni, mtoto wa mwenye genge, hata yule fundi wa gereji. "Atawapenda wao." Nikamwambia ndicho ninachotaka.

Nikamsimulia habari za Daphne Sheldrick, yule mama wa Kenya aliyelea tembo yatima kule Tsavo. Alihangaika miaka kutafuta maziwa ambayo tembo mchanga atayaweza, akaja kugundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokubali. Tembo aliyeishi kwa maziwa hayo aliitwa Aisha. Sheldrick alimlea kwa mikono yake peke yake, na Aisha akanawiri. Halafu ikaja harusi ya binti yake. Akasafiri, akamwacha ndama na mtu mwingine. Aisha alimtafuta, akaacha kula, akafa. Tangu hapo, walezi wa kituo chake cha Nairobi wakawa wanabadilishana usiku: anayelala na ndama huyu leo, kesho analala na mwingine, ili ndama ajue kwamba ana familia ya watu wengi na asimwegemee mmoja.

Mwanangu alikaa kimya. Kisha akauliza kama Sheldrick alilia. Nikasema nadhani alilia. Jioni alimpeleka Karanga saluni akiwa amembeba kwa mfuko wangu wa kanga, bila kuambiwa.

Ndiyo imani yangu katika kazi hii na nitaiandika wazi: mbwa ninayemlea kwa muda simfundishi kunipenda mimi. Namfundisha kwamba mikono ya watu ni mahali pazuri. Akinipenda mimi pekee, siku ya kuondoka nimemtupa mara ya pili.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku mbaya mtaani. Mtoto wa mwenye genge, yule yule anayemlisha Karanga, ameng'atwa kwenye shavu la mguu na mbwa aliyetoka mtoni, hajulikani wa nani, amekimbia. Mama yake alikuwa anamfunga jeraha kwa kitambaa na majani. Nikamwomba afungue. Tulimkalisha kwenye bomba la nje, sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya simu. Mtoto alilia, mama yake alilia, mimi nikaendelea kuhesabu. Watu wengi hawajui kwamba kuosha huko peke yake kunaondoa virusi vingi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Kisha bodaboda mpaka hospitali. Amepata sindano ya kwanza, tarehe za nyingine zimeandikwa kwenye kadi, na mama yake amebandika kadi ukutani juu ya mizani ya viazi ili asisahau.

Tanzania inakadiriwa kupoteza watu 1,500 kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao watoto, na karibu wote ni kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Naandika haya nikiwa bado nasikia harufu ya sabuni mikononi.

Jumamosi, 12 Aprili

Kama nilivyohofia. Asubuhi kuna waliotoka na marungu. Mbwa wawili wameuawa kule bondeni. Mmoja namjua, ni wa muuza maziwa, alichanjwa mwaka jana mbele ya macho yangu. Kwa hiyo tumeua mbwa ambaye alikuwa kinga yetu. Yule aliyeng'ata hajapatikana.

Hofu yao naielewa, mimi mwenyewe nina mtoto. Lakini kuua mbwa ovyo hakujawahi kuumaliza ugonjwa huu popote. Eneo lililobaki wazi huingia mbwa wengine wasiojulikana, na watu wenye mbwa wanawaficha au kuwahamisha, na ugonjwa unasafiri nao. Kinachoumaliza ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka hadi mwaka.

Bi Z. aliposikia alisema kwao Pemba walipita njia hiyo. Yeye ni wa Wete. Ugonjwa ulikuwepo, mbwa wakachanjwa shehia kwa shehia, ukaisha. Mwaka 2016 ukarudi, wakaanza upya kuchanja, ukaisha tena. Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, na baibui lake na mkongojo wake, akamwambia hayo. Nadhani mwanamke asiyefuga mbwa, asiyegusa mbwa, alisikilizwa kuliko ambavyo ningesikilizwa mimi kama ningekwenda. Jioni limepita tangazo jipya: watu wafungie mbwa wao, na daktari wa mifugo ataitwa kuchanja.

Karanga ana wiki 11. Chanjo ya kichaa anapewa akitimiza 12. Siku hizi hatoki hata kwa mfuko.

Jumanne, 22 Aprili

Jana Jumatatu ya Pasaka kote kumefungwa, leo tumekwenda. Chanjo ya pili, na ya kichaa cha mbwa. Kadi yake ina muhuri. Nywele zimeota masikioni, laini, nyeusi kidogo kuliko za mwilini. Daktari akasema: "Sasa huyu anaweza kutangazwa."

Daktari alichanja pia kwenye kiwanja cha shule, Jumamosi iliyopita. Foleni ilikuwa ndefu, mbwa wamefungwa kwa kamba za manila, kwa mikanda ya suruali, mmoja kwa tai ya shule. Muuza maziwa alikuja kusimama tu. Hana mbwa tena.

Jumapili, 27 Aprili

Mtu wa kwanza. Baba wa makamo, nyumba kubwa Njiro, gari zuri, mpole. Akaniambia ana banda la matofali, sakafu ya saruji, chakula hakikosekani. Nikamuuliza atatoka saa ngapi. "Saa nne usiku tunamfungulia, saa kumi na moja anarudi ndani." Na mchana? Mchana anakaa bandani, "ili asizoee watu. Mbwa akizoea watu halindi."

Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasema kile ambacho karibu kila mwenye geti Arusha anakisema. Nikamwambia: mbwa anabweka kwa sababu anajua nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani. Asiyejua wa nyumbani atajuaje mgeni? Mbwa wangu huyu mzee, Simba, amelala miguuni pangu mchana kutwa kwa miaka, na hakuna mtu amewahi kuruka ukuta huu. Mbwa aliyefungwa saa 17 gizani akitoka anamrukia yeyote: mtoto wa jirani, mama wa maziwa, mwenyewe akirudi amechelewa.

Alinisikiliza. Akauliza kama nina dume. Nikasema sina, na Karanga simtoi. Alipoondoka mwanangu alinikumbatia kiunoni, jambo ambalo hajalifanya tangu aingie darasa la tano.

Jumapili, 4 Mei

Wa pili, kijana na mchumba wake, wa Sakina. Wamemshika vizuri, wamepiga picha nyingi. Wamepanga chumba na sebule. Mwenye nyumba hawajamuuliza. Nikawaomba wamuulize kwanza. Hawajarudi. Sina kinyongo nao. Mpangaji akiambiwa achague kati ya mbwa na paa, atachagua paa, na boksi jingine litaonekana sokoni.

Simba anamfundisha kucheza. Karanga aking'ata kwa nguvu, mzee anasimama na kuondoka zake, mchezo umekwisha. Baada ya wiki chache za hivyo ana mdomo laini kuliko mbwa wengi wakubwa. Hilo mimi nisingeweza kumfundisha.

Jumapili, 11 Mei

Mzee wa Ngaramtoni. Mwarusha, shuka begani, kofia ya sufu kwa ajili ya baridi. Amesikia habari kwa yule fundi wa gereji, ambaye ni ndugu ya mkewe. Ana mbuzi na kuku.

Nitaandika alivyofanya, kwa sababu nimewaona wengi wakija kuchagua mbwa na hakuna aliyefanya hivi. Hakumwita. Hakupiga mluzi, hakumnyanyua kwa ngozi ya shingo kuona kama ni mkali. Aliweka fimbo yake chini, ikalala kabisa, akakaa kwenye ngazi akimpa mgongo kidogo, akaendelea kuongea na mimi habari za mvua. Karanga alimzunguka kwa mbali. Akanusa fimbo. Akanusa viatu vya matairi. Mzee akageuza kiganja juu ya goti, bila kuangalia. Ilichukua muda mrefu, chai ikapoa. Mwisho wake Karanga aliweka kidevu pale kiganjani.

Ndipo akaniuliza: anakula nini, anaogopa nini, akiumwa anakuwaje. Hayo tu. Nikamjibu: anakula dona na dagaa, anaogopa radi na bati likigongwa, akiumwa anajificha chini ya cherehani.

Nilipomwambia sharti la kufungwa kizazi akitimiza miezi sita, alinyamaza. Hakulipenda. Akataka kujua sababu, nikampa: jike hubeba mimba kama siku 63, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na nikamwonyesha mtaro wa Kilombero ulipo kwa maneno. Akasema, "Mama, mbuzi dume tunahasi bila kumwonea. Nitalizungumza na yeyo nyumbani," yaani mkewe. Nikampenda kwa kutokubali papo hapo.

Wasiwasi wangu: hawana ukuta wala geti. Nitakwenda kuona.

Jumatatu, 19 Mei

Chanjo ya mwisho ya utoto. Tulipotoka hapo nikapanda naye haisi ya Ngaramtoni.

Boma lina uzio wa miiba na katani, mkavu, mzito, umezunguka kote. Barabara kubwa iko mbali. Mbwa dume mzee wa jirani ana kadi ya chanjo. Niliomba kuiona, wakacheka lakini wakaileta. Mke wa mzee hakunichangamkia. Alisimama mlangoni mikono kifuani, akasema mbwa wa mwisho alikula mayai. Kisha akaona Karanga anatetemeka kwa baridi ya kule juu, maana Ngaramtoni mwezi Mei si mchezo, akaingia ndani, akatoka na kipande cha blanketi la zamani, akakikunja mara nne, akakiweka karibu na jiko. Hakusema neno.

Wamekubali kuhusu kizazi. Yeyo ndiye aliyesema ndiyo, mzee akaitikia kwa kichwa.

Nimerudi naye, wanatengeneza kibanda cha kulala kwanza. Jumamosi.

Ijumaa, 23 Mei

Mwanangu ameuliza swali nililokuwa nalisubiri. Kwa nini tusimchukue sisi? Tunaye Simba, tunacho chakula, Karanga ameshazoea.

Stoo ni moja. Akikaa Karanga, dada wa kituo akinipigia wiki ijayo nitamwambia hapana, na yule wa wiki ijayo hatakuwa na wa kumpa chupa ya maji ya moto. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba nami naumia, kwamba hii haizoeleki, na kwamba sitaki iwe rahisi. Siku ikiwa rahisi nitaacha, kwa sababu nitakuwa nimeanza kuwatoa ovyo.

Ametaka amwogeshe yeye. Wakati anamkausha akakuta jino, kadogo, kakali, kametoka lenyewe mbele ya mdomo. Meno ya maziwa 28 yatadondoka, yatakuja 42 ya kikubwa. Amelitia kwenye kasha la sindano zangu, nimemruhusu.

Jumamosi, 24 Mei

Mzee alikuja mwenyewe na mjukuu wa kike, umri wa mwanangu. Nimempa kadi ya chanjo, dawa ya minyoo ya miezi mitatu, mfuko wa kanga ambao una harufu ya hapa, na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa. Tumesaini kwenye daftari langu: akishindwa kwa sababu yoyote, anarudishwa hapa, hatolewi kwa mtu mwingine. Mzee alisaini polepole, jina lote.

Mwanangu alimwonyesha yule binti jinsi ya kumbeba: mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, asining'inie. Alimwonyesha tena mpaka alipohakikisha amejua. Bi Z. alisimama upande wake wa uzio, akamwambia mzee, "Mchungeni, kaka yangu, ni amana," na mzee akamwamkia kwa kuinamisha kichwa.

Karanga alikwenda mikononi mwa binti bila kulia. Aliangalia nyuma mara moja, kisha pikipiki ikapita, akaifuata kwa macho. Mimi nimelia baadaye, jikoni, kwa nguvu, na sikujizuia.

Jumapili, 8 Juni

Mzee amepiga simu. Karanga amenenepa, analala kwenye blanketi la yeyo karibu na jiko na lile banda la mbao halitaki, anamfuata binti mpaka njia ya shule na kurudi mwenyewe. Tatizo: mayai. Kama yeyo alivyotabiri, ameyapata chini ya ghala, ameyala yote, na nyumbani kuna maneno.

Nikamuuliza anakula mara ngapi. Mara moja, jioni. Nikamwambia kwa umri huu bado ni mara tatu, aongeze dagaa au damu ya machinjioni iliyopikwa, na viota vya kuku viinuliwe juu ya usawa wa kichwa chake. Asimpige, akimkuta na yai, ampe kitu kingine anachokitaka zaidi, alichukue yai bila kelele. Akasema atamwambia yeyo, ila yeyo tayari amehamishia kuku juu jana.

Tumepanga operesheni ya kizazi mwisho wa Julai. Daktari amekubali kwenda Ngaramtoni na vifaa vyake kama tutampatia meza safi na majike wengine wawili watatu wa jirani wa kufanyiwa siku hiyo hiyo. Mzee anasema wapo, atazungumza na wenyewe. Nimemkumbusha: usiku wa kuamkia siku hiyo asile, maji yaondolewe asubuhi. Meza nitakwenda nayo mimi, ile ya kukatia vitambaa, inakunjika.